Mpira wa Chini

Ninamshukuru Mungu, aliyenipa uzee na pua ambayo bado inakumbuka. Leo mjukuu wangu amekwaruza gome la mti wa mpira nyuma ya nyumba, na harufu chachu ya utomvu wake imenirudisha kwenye uwanja wetu karibu na maporomoko ya mto Tshopo.

Mpira wetu tuliuviringisha kwa utomvu ule. Ulidunda ovyo, na ukipigwa mbali ulichukuliwa na mto. Kwa hiyo yaya, kaka yangu mkubwa, alitufundisha kukimbia nao chini, miguuni, wenzako wakikuzunguka kama vifaranga. Watu wazima walipiga miayo, na baba yetu akauliza:

"Iko muchezo gani huu? Munalima shamba?"

"Papa, angalia miguu yao," yaya alijibu. "Iko muzuri sana."

Nilimwamini kwa moyo wote.

Sikukuu moja misheni ilileta mpira wa ngozi. Yaya alichaguliwa kwenye timu ya wakubwa, akapewa viatu. Sisi wadogo tulicheza kwanza. Nilikimbia na mpira miguuni huku nikimtafuta kwa macho, nikamwona ukingoni mwa uwanja na wenzake wapya.

"Piga mbali, mutoto!" akapaza sauti. "Bon, basi, unatuletea usingizi!"

Wote wakacheka, naye akacheka kuwapita.

Sikupiga. Nilikimbia nao chini, vile alivyonifundisha, mpaka ndani ya goli. Nilipogeuka, alikuwa akifunga kamba za viatu vyake.

Wewe unayesoma, Bwana akujalie mtu wa kukutazama mpaka mwisho.