Posa ya Wakesho

Juzi wageni walikuja kwetu Werugha kumposa dada yangu Wakesho. Walipojipanga kwenye viti na kuanza kukohoa kwa adabu, nilicheka peke yangu.

Nilikumbuka alasiri moja hospitalini Voi, Wakesho akiwa mchanga nami mtoto mdogo, mdomo wake, tangu kuzaliwa, umepasuka hadi ndani kwenye kaakaa. Chumba kilinuka dawa ya sakafu na maziwa yaliyokuwa yakimtoka puani. Madaktari walikaa mstari mmoja. Huyu alimpima uzito, yule akamchungulia masikio, mwingine fizi, mwingine akauliza analiaje. Kisha wakanong'onezana. Kwetu, watu wazima wengi hivyo wakimkagua msichana, wamekuja kuposa.

Nikamshika Wakesho mguu. "Hatumtoi! Hata kunyonya bado hajajua!"

Mama aliniziba mdomo, lakini daktari wa upasuaji hakucheka.

"Sawa, shemeji," alisema. "Kwanza tumshone, tumfundishe kuongea, halafu atujibu mwenyewe."

Juzi mzee wa wageni alimuuliza Wakesho kama amekubali.

"Nimekubali," alijibu, na neno likasikika safi hadi jikoni.

Mama akafuta machozi. Mimi nikajikuta nimemshika Wakesho mguu.