Swali la Kuulizwa Faraghani

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kliniki moja ya Karagita, nimebanana kwenye benchi na kina mama wa mashamba ya maua. Akaingia kijana mwenye beji shingoni, akasema anatafuta watu wa kushiriki utafiti wa afya ya akili. Kisha akauliza kwa sauti ya mhubiri wa sokoni: "Ni mama gani hapa, baada ya kujifungua, aliona hampendi mtoto wake?"

Mama mmoja akamgusa jirani yake begani. "Si wewe uliniambia hivyo?"

Benchi nzima iligeuka. Yule jirani alimfunika mtoto wake uso kwa leso. "Nilikuambia wewe," alisema polepole. "Sikuwaambia hawa."

Akainuka, akambeba mtoto mgongoni, akatoka. Mtoto alikuwa na homa, na wao ndio walikuwa wanafuata kumwona daktari. Nilimkimbilia hadi nje nikamsihi arudi, lakini alishapanda boda boda na hakugeuka.

Nilirudi ndani kwa hasira, nikamwendea yule kijana. "Boss, swali kama hilo si ungemuuliza mtu akiwa peke yake?"

"Pole, mathe. Tuko na presha, watu hawajatosha."

"Na huo utafiti wenu unatafuta nini hasa?"

Alijibu bila hata kupepesa jicho: "Tunataka kujua kwa nini kina mama kama hao hawaji kutafuta usaidizi."

Nikamwambia aandike jibu haraka, maana lilikuwa limetoka kwa mlango ule sasa hivi, likiwa na mtoto mgonjwa mgongoni.