Gunia Linaishia Wapi

"Hivi, shemeji, gunia linaishia wapi?"

Swali hilo Jilala alimuuliza Bertila siku ya gulio, mbele za watu, amesimama kando ya gunia lake mwenyewe la viazi vitamu. Bertila ndiye aliyekuwa akilishona. Viazi vilikwisha kufika mdomoni mwa gunia, navyo vikaendelea kupanda. Yeye juu ya kigoda anazungusha kamba ya katani, anasuka wavu, na mnunuzi anazidi kupanga viazi hadi lumbesa ikaota kichwa kama mtu aliyevaa kilemba.

"Linaishia pale kamba inapoishia," Bertila akajibu.

Watu wakacheka. Jilala naye akacheka, maana afanyeje? Lile gunia likahesabiwa moja, kwa bei ya gunia la kawaida, likapakiwa.

Bertila ni jirani yangu na tunasali jumuiya moja, upande huu wa njia ya Ipole. Habari hii naiandika kwa ruhusa yake. Alisema niandike tu, ila nisimpambe.

Sindano ya magunia alifundishwa na baba yake, aliyekuwa mpakiaji wa tumbaku. Alipofiwa na mumewe, kaka yake Jilala, sindano hiyo ndiyo iliyolea watoto. Wanunuzi walimgombea. Walisema lumbesa ya Bertila inafika Dar es Salaam haijadondosha kiazi hata kimoja. Alikuwa akijivunia, na mimi simlaumu, mtu hujivunia mikono yake.

Lakini swali lile halikumwacha. Aliniambia linamjia hata kanisani, katikati ya Baba Yetu, pale penye kuomba mkate wa kila siku. Akianza kufagia, anauacha ufagio uani na kwenda kusimama barabarani. Ukimuuliza anatazama nini, anasema hatazami kitu. Siku moja tukiwa tunachambua mchicha akanisimulia kuhusu babu wa baba yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara, akienda pwani kwa miguu na mzigo begani.

"Mzigo ulikuwa na kiasi chake," akasema. "Ukizidishwa, wapagazi wanautua chini wote. Hawaendi. Sasa sisi, dada, mbona hatutui?"

Nikaendelea na mchicha wangu.

Basi serikali ikaleta mzani. Msimu uliotangulia tulikuwa tumepata mbolea ya ruzuku, kwa hiyo mkutano ulipoitwa watu walijaa. Bibi shamba wetu, anaitwa Ummy, binti mpole mwenye sauti kubwa, akaeleza kwamba lumbesa imepigwa marufuku. Mazao yatauzwa kwa kilo, na atakayekamatwa na lumbesa atatozwa faini, awe muuzaji au mnunuzi. Mzani ukatundikwa chini ya kibanda cha bati karibu na ofisi ya kijiji. Tukapiga vigelegele. Bertila akaenda nyumbani akaitundika sindano ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria. Kufunga mdomo wa gunia la kawaida kila mtu anaweza, hakutaki fundi. Mboga ikapungua chunguni mwake, lakini akasema afadhali.

Jilala aliufurahia mzani kuliko wote. Akachimba viazi vyake shamba zima kwa mkupuo mmoja, akavirundika kando ya barabara na kuvifunika majani. Akangoja.

Malori yakapita. Yalikuwa yanapunguza mwendo, dereva anatupia jicho kibanda cha bati, kisha huyo! Ng'ambo ya bonde kijiji cha wenzetu hakikuwa na mzani, na huko lumbesa zilikuwa zikishonwa mchana kweupe. Tulipita tukienda shambani tukaona rundo la Jilala liko palepale. Tulipita tukirudi, lipo. Halafu harufu ikaanza.

Asubuhi moja Jilala akaingia uani kwa Bertila. Hakuketi.

"Mwangaluka, shemeji. Chukua sindano."

"Ya nini asubuhi hii?"

"Yule mnunuzi Emilian amesimamisha lori. Anasema akipata lumbesa anabeba vyote sasa hivi. Asipopata, anavuka bonde."

"Jilala! Si wewe uliyeniuliza gunia linaishia wapi?"

"Nilikuuliza nikiwa nimeshiba. Leo viazi vyangu vinatoa maji. Twende."

Bertila akaenda. Anasema miguu ilikwenda yenyewe. Barabarani akamkuta Asnath, mke wa Jilala, anafuta viazi kimoja kimoja kwa pindo la kanga, kama vile vikimeremeta Emilian atavihurumia. Kibanda cha mzani kilikuwa kinaonekana palepale, kitupu.

Emilian akamchekea. "Mama, hiyo mikono ilikuwa likizo? Tulikumisi."

Bertila akashona. Wavu ukapanda mzunguko wa kwanza, wa pili, na Emilian anapanga. Jilala ametazama upande wa pili kama mtu anayechomwa sindano hospitali. Walipoanza mzunguko mwingine mikono ya Bertila ikasimama.

"Jilala," akasema, "linaishia wapi?"

"Shona, shemeji. Nakuomba."

Akamtazama Asnath. Asnath hakuinua macho. Bertila akachukua kisu, akaikata kamba, na viazi vikabingirika hadi katikati ya barabara.

"Mama, tusipotezeane muda!" Emilian akafoka.

"Baba, mzani ule pale. Nitakubebea mwenyewe."

"Mzani utaniwekea mafuta kwenye gari? Mambo ya serikali ni huko ofisini. Hapa njiani ni mimi na gari langu." Akapanda, akawasha, akavuka bonde.

Jilala alimgeukia Bertila. "Wewe unashiba komunyo," akamwambia. "Watoto wangu watashiba nini?"

Mpaka leo Bertila hana uhakika kama alifanya vema, maana viazi havikuwa vyake. Alikwenda nyumbani, nikadhani amekwenda kulia, kumbe amefuata visu viwili. Akaketi chini pamoja na Asnath, wakaanza kukata viazi vya michembe, kimoja baada ya kingine, wanaanika juani. Nami nikaleta kisu changu na ungo. Vilivyooza tukawatupia mbuzi. Michembe huwa haina bei, lakini haiozi.

"Mwaka huu," Asnath akasema, "hata wageni wa Krismasi watakunywa chai na michembe. Nyie Wakatoliki na sisi Wamoravian, wote michembe." Tukacheka kidogo. Jilala alipita karibu, hakusalimu.

Kila lori likilia barabarani, kisu cha Bertila kilikuwa kinasimama. Lori likipita, kinaendelea. Tukimpa maji, anayashika tu hapo mkononi, hanywi.

Michembe ikiwa bado iko juu ya mawe, Ummy akaja na wakubwa wake wa wilaya kuuona mzani. Tukaitwa. Mwenyekiti akashukuru kwa maneno marefu. Ummy akauliza, "Ndugu zangu, mzani unawasaidia?"

"Unasaidiaaa!" watu wakaitikia, wakapiga makofi. Hivyo ndivyo tulivyozoea, mgeni huwa haambiwi shida.

Bertila akasimama. Mikono ilikuwa imegeuka myeusi kwa utomvu wa viazi, akaificha ndani ya kanga, kisha akaitoa. Nyuma kabisa Jilala alikuwa ameegemea baiskeli yake, tayari kuondoka. Hakuondoka.

"Shikamoo, mama," Ummy akasema. "Una swali?"

"Marahaba, mwanangu. Swali sina, nina ombi. Mzani ni mzuri na tunawashukuru. Lakini uko kwetu peke yetu, na lori lina magurudumu, linatuacha na viazi vyetu. Huyu shemeji yangu vyake vimeoza akiwa anawatii ninyi. Naomba mpeleke mizani ng'ambo ya bonde na kwenye vijiji vyote vya barabara hii, kwa siku moja, ili lori likose pa kukimbilia, kabla watu hawajachimba viazi vingine."