Volkano ya Barafuni na Karai la Mama

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimezaliwa na joto, nimekulia joto, na hata hapa Guangzhou joto halijaniacha. Kwa hiyo ukisikia ninachosomea, cheka tu, wenzio wote wameshacheka. Ninasomea volkano ya kisiwa kimoja kule upande wa Ncha ya Kusini, kwenye barafu, mahali ambapo magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukawa uji, ikikutana na maji hulipuka vibaya sana. Wafanyabiashara wa Kiafrika wa mtaa wa Xiaobei, ambao safari yao ndefu ni kwenda Xintang hapo jirani kukagua jinzi viwandani, waliniita Bibi Barafu. Mmoja akaniuliza kama huko kuna mzigo wa kujaza kontena. Nikamwambia kuna pengwini, aje na vipimo.

Mwaka wa tatu nikapata nafasi ya kwenda, wiki tatu kisiwani na watafiti wenzangu. Profesa wangu, ambaye wote tunamwita laoshi, mwalimu, alitaka fomu yangu kabla ya Jumatano. Sahihi yangu peke yake ilitosha. Lakini mimi bila radhi ya mama sivuki hata barabara ya Huanshi Zhonglu, nitakwendaje mwisho wa dunia? Na mama alishasema hapana. Tena alisema kwa upole, ndiyo ubaya wenyewe. Mama akipiga kelele, kuna matumaini.

Akili yangu ikanituma nimwonyeshe. Mama amekaanga bajia za kuuza tangu sijazaliwa, nikajua nikimweleza kwa karai atatulia, ataona kwamba hii hatari tunaijua na tunaipima. Jumamosi mchana nikaenda kwenye mgahawa wa dada mmoja wa Dar es Salaam, nikaomba jiko.

"Ukiniunguzia jiko langu utalala bandarini Nansha, kwenye makontena," akasema, ila akanipa kanga ya kujifunga.

Nikampigia mama kwa video. Shikamoo, marahaba. "Mama, haya mafuta ndiyo magma. Tazama." Nikachovya vidole kwenye bakuli la maji, nikanyunyiza. Paaa! Mafuta yakaruka, tone likatua kwenye kioo cha simu, dada wa mgahawa akajificha nyuma ya friji, na mama akapiga yowe hadi wateja wakasimama. Alikuwa amejishika mkono wa kushoto, pale penye kovu lake.

"Wee mtoto! Nani kakufundisha kurushia maji mafuta ya moto? Mimi?"

"Mama, hii ndiyo sayansi yenyewe! Maji yanageuka mvuke ghafla, yanatanuka, yanapasua kila kitu. Yakiwa mengi na ya kina kirefu, yanaipooza magma. Lakini yakiwa ya kina kifupi..."

"Maji kidogo ndiyo mabaya," akanikata. "Hilo najua. Endelea."

Nikaona nashinda. Nikamweleza majivu, mawe ya moto yanayorushwa, barafu inayoyeyuka ikashuka mlimani kama tope. Nikamwaga unga wa dengu mezani nikamchorea kisiwa, duara kama kitumbua kilichomegwa upande mmoja, bahari imeingia hadi katikati. Katikati pale ndipo volkano yenyewe ilipo.

"Na hapo palipomegwa?"

"Mlango, mama. Mwembamba, lakini meli zinapita."

"Nyie mtakaa wapi?"

"Ndani. Kumetulia, hakuna mawimbi."

"Ndani ya karai," akasema. "Na mlango mmoja." Akakata simu.

Nilikasirika, sifichi. Kwenye metro nilinung'unika peke yangu mpaka bibi wa Kichina akahama kiti. Miaka mitatu nasoma, halafu nashindwa na swali la jikoni! Nikafika chumbani nikafungua mpango wa safari nimtafutie mama jibu la kumkomesha. Soksi na glovu zilikuwa na ukurasa mzima. Kukimbia kulikuwa na mstari mmoja: kambi itaondoka kwa boti. Kupitia mlango ule ule. Nikafungua na ramani zangu mwenyewe. Nilikuwa nimepaka rangi majivu yatakapoangukia na tope litakapopita, na sikuwa nimeweka hata nukta moja ya mtu. Aibu ilinishika, jamani.

Jumatatu asubuhi nikampelekea laoshi ramani, na swali la mlango nimeliandika juu yake. Akasoma, akavua miwani.

"Nani kauliza hili?"

"Mama yangu."

"Mtaalamu wa volkano?"

"Wa bajia."

Hakucheka. Tukakaa na ramani siku mbili, tukaitafuta njia ya miguu ya kupanda ukingo wa kisiwa na kushuka ufukwe wa nje, ambako boti ya meli inayosubiri nje ingeweza kuja ikatuchukua bila kugusa ule mlango.

Jumanne jioni nikampigia mama. Nikamwelekeza kama unavyomwelekeza mgeni nyumbani: ukitoka hemani bonde la barafu liache kushoto, maana tope litapita huko, panda mgongo wa kilima, usisimame, teremka upande wa pili. Akanirudisha mwanzo mara tatu. Kisha akapandisha mkono wa gauni lake, nikaliona lile kovu, kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani. Miaka yote nilijua ni la mapishi tu, sikuwahi kuuliza zaidi.

"Ulikuwa na miaka miwili," akasema. "Tumepanga chumba, jikoni mlango mmoja, na jiko nimeliweka mlangoni nipate hewa. Mvua ikavuja kwenye karai, mafuta yakalipuka, moto ukashika. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Nikakubeba, nikapita hapo hapo penye moto."

Mtaalamu wa maji na moto nikalia kwa sauti, fomu iko mapajani.

"Basi, nyamaza," akasema mama. "Radhi zangu unazo, nenda. Hema lako tu ulifunge karibu na hiyo njia."