Mahindi Yaliyotukana

Tulikuwa wanne, na jarida letu la hadithi za kisayansi lilikuwa kurasa kumi na mbili za fotokopi zilizobanwa kwa stepla. Tulitoa nakala kumi tu: zetu, na za marafiki waliokubali kusoma mambo ya sayari na roboti bila kutucheka. Mimi nilikuwa muuzaji kwenye agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, hapa mjini Eldoret. Katika toleo la tatu niliandika hadithi ya mahindi yanayomwita mkulima kwa sauti yakishikwa na kiu.

Nakala moja niliisahau kwenye kaunta, katikati ya vipeperushi vya mbegu. Ikapotea.

Baada ya wiki mbili mzee mmoja, mteja wetu kutoka upande wa Kaptagat, aliingia akatoa karatasi zile mfukoni mwa koti.

"Hii mbegu mko nayo?"

Uso ulinichoma. "Mzee, hiyo ni hadithi tu. Niliitunga mimi."

"Najua ni hadithi. Nimesoma hadi mwisho. Nauliza, mko nayo?"

"Hapana, Mzee. Haiko popote."

"Sasa wewe uliisikia wapi ikiongea?"

Akanunua dawa ya kupe, akaenda. Sikujua kama nimemdanganya mzee wa watu au yeye ndiye aliyenichezea.

Mwezi uliofuata alirudi na kurasa tatu za mwandiko safi. Nilikuwa nimekosea, aliandika: mahindi yakiwa na kiu hunyamaza. Yanayopiga kelele ni yale yaliyopandwa yakibanana, na ya jirani yake yalikuwa yakimtukana tangu palizi. Matusi yenyewe aliyaandika yote.

Tulibishana. "Hii ni barua ya msomaji," alisema mhariri wetu, mwalimu wa fizikia.

"Ni hadithi," nikasema. "Tena inashinda zetu."

Mwishowe tuliichapa bila kusema ni nini.

Nilipompa mzee nakala yake pale dukani, nilijikaza nikamuuliza, "Mzee, yale matusi uliyasikia kweli, ama ulitunga?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Yako si ulisema ulitunga?"

"Ndiyo."

"Haya basi."

Akaomba mfuko wa mbolea ya kukuzia. Nikamletea ya kupandia, ikabidi anirudishe stoo.