Masale Katikati ya Kihamba

Nilitumikia idara ya ardhi ya halmashauri hadi nilipostaafu, wala katika utumishi wangu wote sikuwahi kuona mpaka ukiwekwa kama ulivyowekwa katika kihamba cha shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, juu kidogo ya Marangu.

Serikali kuu ilikuwa imetangaza utaratibu mpya: vijiji vilivyo kando ya lami vihesabiwe kuwa mji, vihamba, mashamba yetu ya ukoo, vigawanywe viwanja, na kila kiwanja kilipiwe kodi yake ya ardhi. Halmashauri yetu ilizipata habari hizo siku moja na sisi wananchi. Madiwani walipoanza kulalamika, wapima walikuwa wamekwisha kufika.

Shemeji aliniita asubuhi. Nilimkuta amesimama chini ya migomba, mundu mkononi, hajakata hata jani.

"Shemeji, njoo uone nilivyofanyiwa."

Vibarua wa wapima waliishiwa mawe ya mipaka. Wakakata masale, mimea ile ya majani marefu, kwenye ua wake mwenyewe, wakayachomeka kila palipoangukia pembe ya kiwanja. Kihamba kimoja kikawa vipande vitatu: nyumba huku, zizi kule, na kaburi la kaka yangu peke yake upande wa tatu.

Kwetu sale ndilo linalotenga kihamba na kihamba. Ndilo mkosaji analopeleka kuomba radhi, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Likishapandwa mpakani, halichezewi. Na vibarua wale hawakutoka mbali. Ni watu wa mlima huu huu.

Nilimfuata diwani. Kwa haki yake niseme kwamba hakuchelewa: kesho yake alimleta ofisa mipango aliyesimamia kazi hiyo.

"Shikamoo, mama," alisema ofisa.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Basi nguvu unazo. Ng'oa."

Ofisa alitabasamu. "Hizo ni alama za muda tu, mama. Hata wewe ungeziondoa."

"Kwenu ni wapi?"

"Rombo, pale Mkuu."

"Kumbe, mlima huu huu. Na huko Rombo siku hizi masale hung'olewa na wajane?"

Diwani alicheka, kisha akajikoholesha.

Ofisa aliinama, akalishika sale la karibu. Alikaa hivyo kitambo, akaliachia, akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Nitaleta mawe," alisema.

"Utayaweka wapi?" nilimuuliza.

"Papo hapo. Ramani haijabadilika."

Nilimtazama nisiamini. Mkono wake uliogopa jani, haukuogopa kumtenga mjane na kaburi la mumewe.

Baraza la madiwani lilipitisha pingamizi kwamba kihamba kisigawanywe kwa ajili ya kodi bila ridhaa ya ukoo. Hadi ninapoandika haya, jibu halijaja, wala mawe hayajaletwa. Mvua zimekuja. Masale yameshika mizizi na kutoa majani mapya.

Juzi nilikwenda kusafisha kaburi. Shemeji alikuja nyuma yangu, akipita nje, kwa njia ya jirani, ndoo ya maji mkononi.

Nilimweleza kwa utaratibu: "Kisheria hapo hapana mpaka. Pingamizi halijajibiwa. Pita katikati, ni kwako."

Alitua ndoo, akaniangalia viatu vilivyojaa tope la njia ya jirani.

"Na wewe, shemeji, mbona umezunguka?"