Baba Alivyokaa Kinyume Mtumbwini

Kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa kuzama. Ilikuwa namna ya kukaa. Rafiki yangu Biira, mzaliwa wa Bwera niliyesoma naye chuo, alikuwa amenialika Kasenyi, kwenye Ziwa George, nijiunge na watu wanaojifunza kupiga makasia kwa mazoezi na kupumzisha akili. Akanieleza kwamba katika boti zile mpiga makasia huipa njia mgongo. Mimi, ambaye hata kwenye boda huchungulia juu ya bega la dereva, nikawaza: na kiboko je, akiibuka nyuma yangu?

Jumamosi asubuhi nilifika na udhuru wangu tayari mdomoni. Biira akanivika jaketi la kuelea. Lilinuka samaki na turubai bichi, na papo hapo nikamkumbuka baba.

Tuliishi kambini, Kasese. Baba alikuwa sajenti, mtu wa Karamoja, nchi kavu. Mama alizaliwa hapo hapo Kasenyi. Nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto siku tulipokwenda kumsalimia bibi, mama yake mama. Bibi akasema tuchukue mtumbwi tupunge upepo kidogo. Baba angeweza kumkatalia meja, lakini si mama mkwe. Akapanda na buti zake.

Akakaa mbele na kafi mkononi, lakini kinyume, akitutazama sisi. Mama alikuwa nyuma na kafi lake, mimi katikati na kafi dogo. Baba akaanza kutoa amri kwa sauti ya gwaride: "Kushoto! Kulia! Kushoto!" Nasi tukatii, tukibadilisha upande kila alipotamka. Mtumbwi ukayumba, ukapinda, kisha ukazunguka pale pale kama kuku aliyepotewa na kifaranga. Ufukoni wavuvi walishika mbavu.

"Afande! Mtumbwi si kuruta, haisikii amri!"

Mama hakucheka. "Baba Nakiru," akasema kwa upole, "wacha kelele. Angalia mimi tu. Pumua. Sasa piga maji polepole."

Baba akanyamaza. Akamkazia mama macho, akapiga maji, naye mama akamfuatisha. Mtumbwi ukanyooka. Kwa mara ya kwanza nikasikia maji yakinong'ona chini ya mbao. Jasho lilimtiririka baba shingoni, ingawa upepo ulikuwa baridi.

Kambini niliwatambia wenzangu kwamba mwanajeshi hukaa vile ili adui asiwavamie watu wake kwa nyuma. Niliamini hivyo miaka mingi. Nawaambia ninyi kama nilivyokuja kuelewa nikiwa mtu mzima: baba hakujua kuogelea, na hakuthubutu kuyatazama yale maji. Alitafuta uso mmoja wa kuutazama, akaushika. Kumbe woga wangu una ukoo! Sijui kwa nini jambo hilo lilinipunguzia mzigo, lakini lilinipunguzia.

Biira alikuwa ameshakaa nyuma ya boti, akinielekea. "Nakiru, unaenda ao unabaki?"

"Nyuma yangu iko nini?"

"Maji. Nitakuambia ikibadilika."

Nikaingia, nikashika makasia mawili, nikavuta huku nikimtazama usoni. Tuliporudi viganja vilikuwa vimechubuka, na kabla sijavua jaketi nilikuwa nimeshamwambia aniwekee nafasi Jumamosi inayofuata.